Ukurasa wa Kumi na Mbili

Jumatatu ile nilifika maktaba saa moja na nusu nikakuta kufuli bado liko mlangoni. Kwa miaka tisa sikuwahi kulikuta. Raheli Mbwambo, mkutubi wa chuo chetu hapa Same, alikuwa akifungua saa moja kamili, nami nikija nakuta meza zimeshafutwa, ingawa kufuta meza ni kazi yangu. Nilikaa kwenye ngazi nikisubiri. Saa mbili simu ikalia. Nikaambiwa Raheli alikuwa amepanda kwao Kighare siku ya Ijumaa kumwona mama yake. Jumapili baada ya ibada presha ikampanda, na hakufika hospitali.

Nilikwenda ofisi ya utawala kuchukua funguo za akiba, nikafungua. Juu ya meza yake palikuwa na kitabu chenye jalada la kijani, na ndani yake kipande cha karatasi chenye mwandiko wake: "Careen. Kikao Alhamisi saa nne. Usisahau kitabu."

Alikuwa akijiandikia mwenyewe. Nikakiweka kitabu ndani ya droo yangu.

Niseme kwanza Raheli alitaka nini, maana baadaye watu wengi wamejifanya walikuwa wakijua. Alitaka saa moja kwa wiki. Mhadhiri alete swali, yeye alete vitabu, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wafundishwe na wote wawili namna ya kutafuta jibu na kulipima. Basi.

Chuo kikamjibu kwa kuunda Kamati ya Ushirikiano wa Maktaba na Idara. Kikao cha kwanza walimchagua mwenyekiti, Daktari Zephania Mchome wa Historia. Cha pili walijadili kama neno "ushirikiano" litangulie au lifuate. Cha tatu walilalamikia sambusa. Cha nne walipiga picha, na picha ile ipo mpaka leo kwenye tovuti ya chuo, Raheli akiwa amekatwa nusu ya uso. Cha tano hakuja mtu isipokuwa Raheli na Madam Tausi, binti anayefundisha Jiografia, ambaye alikuwa na shahada moja tu na aibu nyingi.

"Dada Raheli," Tausi akamwambia, "mimi Jumanne saa nane nina kipindi. Njoo tu."

Hakuna aliyeandika muhtasari. Ushirikiano ulianza siku hiyo.

Katika kipindi kile kulikuwa na sheria moja. Ukiambiwa jambo, iwe na simu yako, na mhadhiri, au na mkutubi mwenyewe, unauliza: nani kasema, na ukurasa wa ngapi? Wanafunzi waliigeuza utani. Mmoja akisema wali umeiva, wenzake wanamdai ukurasa.

Daktari Zephania alicheka kwa namna yake. "Mkutubi kazi yake kunyamazisha watu," aliniambia siku moja akirudisha gazeti. "Huyu wenu anawafundisha kuuliza."

Careen alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Ni mtoto wa Bombo, huku huku milimani, na Daktari Zephania alipotoa asaimenti kuhusu ndiva, yale mabwawa ya kukusanya maji ya kumwagilia mashamba yetu ya mlimani, Careen alifurahi, kwa kuwa ukoo wao una ndiva yao. Lakini kitini cha Daktari kilisema ndiva zilibuniwa na serikali ya kikoloni. Chanzo kikatajwa: Ripoti ya Wilaya, 1931, ukurasa wa kumi na mbili. Darasa zima likanakili, pamoja na ukurasa. Careen akauliza swali la Jumanne, akaja kuitafuta ripoti yenyewe, ndicho kile kitabu cha jalada la kijani.

Ukurasa wa kumi na mbili unahusu homa ya ng'ombe.

Ndiva zimo ukurasa wa thelathini na moja, na afisa yule anasema wazi kwamba alizikuta, na wazee walimwambia zilichimbwa na babu zao. Careen akaandika hivyo. Akapewa sifuri, na kwa wino mwekundu: "Unapingana na chanzo." Kwa sifuri hiyo angerudia mwaka. Raheli akamwambia akate rufaa, kitabu atakibeba yeye.

Nyuma ya jalada lile kuna karatasi ya majina ya walioazima. Mpaka wiki ile ilikuwa na majina mawili, Careen na Raheli. Daktari Zephania alikuwa amekitumia kitabu hicho miaka kumi na minne bila kukisumbua.

Tulimzika Raheli Jumatano, Kighare, kando ya migomba ya mama yake. Chuo kilileta basi na shada la maua lenye jina la chuo kubwa kuliko jina la marehemu. Daktari Zephania alisimama kwa niaba ya wahadhiri.

"Marehemu na mimi," alisema, "tulibuni pamoja kipindi cha maarifa ya maktaba. Alikuwa mkono wangu wa kulia."

Careen alikuwa amesimama nyuma yangu. "Baba Sadock," akaninong'oneza, "ukurasa wa ngapi?"

Nilikuwa nimejizuia kulia tangu Jumatatu. Hapo nilishindwa, na waliokuwa karibu wakadhani hotuba imenigusa.

Alhamisi saa nne niliingia kwenye kikao cha rufaa na kitabu mkononi. Mkuu wa Taaluma alikuwa katikati, Daktari Zephania upande wake wa kulia, Madam Tausi mwisho wa meza. Careen alisimama.

"Shikamooni," nilisema, maana Mkuu wa Taaluma ni mkubwa kwangu. Aliitikia yeye peke yake.

"Huyu ni mhudumu," Daktari akasema. "Bwana Sadock, wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, Daktari. Na humu nimesoma mpaka ukurasa wa kumi na mbili."

Tausi akakohoa. Nikakifungua kitabu nikakiweka mbele ya Mkuu wa Taaluma. Alisoma kuhusu ng'ombe kwa muda mrefu. Kisha nikamfungulia thelathini na moja.

"Daktari," akauliza, "hii kumi na mbili umeitoa wapi?"

"Niliipokea kwa mwalimu wangu, chuo kikuu."

"Na yeye?" Careen akauliza. Hakuna aliyemkaripia.

Daktari alieleza kwamba huenda kuna toleo lingine. Akaeleza pia kwamba wazee wa vijijini si chanzo. Tausi akamwambia kuwa afisa wa mwaka 1931 naye aliwauliza wazee wa vijijini, tofauti yake na wao ni kwamba alikuwa na taipureta.

Walitutoa nje. Tulipoitwa tena, Careen alikuwa amepewa arobaini, alama ya chini kabisa ya kufaulu, na barua ilisema ni "kwa huruma, kwa kuzingatia msiba." Hakukosea hata mstari mmoja, wakamsamehe. Nilitaka kusema jambo. Careen akanigusa mkono.

"Baba, mwaka sirudii," alisema. "Twende."

Muhula uliofuata kipindi cha Jumanne kiliingizwa kwenye ratiba ya chuo kizima, na chini yake pameandikwa: Mwanzilishi, Dkt. Z. Mchome. Hajawahi kuhudhuria. Mkutubi mpya hajaajiriwa, tunaambiwa mchakato unaendelea. Kitini bado kinatolewa kila Novemba, na bado kinasema kumi na mbili.

Jumanne saa nane mchana Madam Tausi huja na wanafunzi wake na kile kitini. Mimi hufuta meza, huweka kitabu cha kijani katikati, na wao hukifungua wenyewe. Karatasi ya nyuma imejaa majina, tumegundisha ya pili.