Uzi wa Mama Mkwe

Loo, siku ya mkaguzi ndiyo siku ambayo mkwe aliichagua kuharibu mambo! Alitakiwa kumimina ndoo mbili za chokaa kwenye tanuru la kuyeyushia taka. Kwa kiherehere akapoteza hesabu, akamimina nne. Akanyamaza. Mkuu wa tanuru alikuwa mama wa mkewe, na nani ana ubavu wa kumwambia mama mkwe upuuzi kama huo?

Na haikuwa mchezo. Mkaguzi akikuta kokoto zilizotengenezwa kwa taka hizo siku hiyo zinatoa sumu, tanuru linafungwa, taka za mji mzima zinarudi kumwagwa nyuma ya nyumba za watu.

Matairi, majivu na mabati vilikuwa vimeshakuwa uji mwekundu. Mama akachovya fimbo ya chuma, akaivuta taratibu. Uji ulioiva hutoa uzi mrefu, na ukipoa huwa kokoto ngumu za kioo, sumu imefungiwa ndani isitoke tena. Leo uzi ulikatika kabla haujafika hata shibiri, maana chokaa ikizidi uji huwa mwepesi.

Mimina tu, mama, mkwe aliomba moyoni, huyu mkaguzi hajui kusoma uzi! Kweli, mkaguzi alikuwa akitazama saa yake.

"Hii simimini," mama akasema, tena kwa sauti. "Itapoa iwe unga, unga uingie visimani. Leteni chupa zilizosagwa, kioo kiushike uji."

"Nitaandika mmeshindwa," mkaguzi akaonya.

"Andika, baba. Kalamu ni yako, tanuru ni langu."

Makubwa! Mkwe alimwonea fahari. Akabeba chupa karai baada ya karai, jasho chapachapa. Baada ya saa mbili mama akachovya tena. Uzi ukaja, ukaja, akarudi nyuma hatua saba na bado unang'aa. Uji ukamiminwa majini, chaa! Zikatoka kokoto nyeusi zinazometameta, uzuri ulioje! Mkaguzi, ambaye kumbe hakuwa ameondoka, akachukua konzi moja ya kupima.

Siku ya tatu majibu yakaja: maji zilimolowekwa kokoto yalikuwa safi, tanuru liendelee. Wenzake wakishangilia, mkwe akamfuata mama pembeni.

"Mama, chokaa ile ni mimi. Nilimimina nne."

"Najua. Nilizikuta ndoo nne tupu."

"Mbona hukunisema?"

"Siku tatu nakungoja useme mwenyewe. Leo jua lingezama ukiwa bado kimya, kesho nisingekufungulia geti la tanuru."