Nyayo za Nyumba ya Kumi

Nyayo za maksai wawili wa mzee Waitara ziliingia kijijini kwa upande wa mtoni, zikapanda kando ya zahanati ambayo mwaka wa pili sasa ilikuwa haijapata paa, zikaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya jiko la mama Bhoke, na hapo zikakoma. Kuanzia hapo lilianza shamba la ujamaa. Asubuhi ile kijiji kizima, watu mia mbili na ushee, kilikuwa kimelipalilia, na udongo wake ulikuwa umegeuzwa wote, mwekundu, hauna alama hata ya kuku.

Robi, mke wa Joram, aliitwa kutoka kwenye palizi, jembe bado begani. Alikuta wanaume tisa wa kijiji cha jirani, watu wa Waitara, wamekaa kwenye majani na mapanga yao magotini, wamechoka, hawagombani na mtu. Utulivu wao ndio uliomtisha.

Alikuwa balozi wa nyumba kumi tangu mwaka uliopita. Watu walimchagua kwa sababu alikuwa akifundisha darasa la kisomo cha watu wazima na aliandika barua vizuri. Wakadhani ubalozi ni kuandika tu. Hakuna aliyekumbuka siku ile, wala yeye mwenyewe, kwamba siku moja mtu angeweza kufika na nyayo.

Maana nyayo zina utaratibu wake katika nchi hii, na utaratibu huo ni mkongwe kuliko vijiji vya Operesheni, ambavyo serikali ilihamishia watu. Ng'ombe akiibwa, mwenyewe na watu wake hufuata nyayo. Zikiingia kwenye mji, yaani boma la ukoo, wafuataji husimama na kukata tawi bichi. Mkubwa wa mji ule akilipokea tawi na kulilaza juu ya unyayo wa mwisho, basi nyayo ni zake. Atazifuata yeye mpaka zitoke kwake ziingie kwa mwingine. Asipoonyesha zilikotokea kwenda kwingine, mji wake utatoa ng'ombe kwa ng'ombe. Na akikataa tawi, wafuataji wana haki ya kuingia kupekua wenyewe, na upekuzi wa namna hiyo huwa hauishi kwa kupekua.

Sasa mkubwa wa mji ni nani, ikiwa miji yote ilivunjwa na watu wakapangwa mistari miwili iliyonyoka kwa kamba?

Mzee Waitara naye alikuwa hajui. Alisimama mbali na ua, ameupa mgongo nusu, kwa kuwa binti yake Agustina aliolewa na mtoto wa Bhoke, na mtu hakanyagi ua wa mkwe wake hivi hivi. Tawi alikuwa nalo mkononi. Robi alimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaendelea kumtazama kama mtu anayengoja mwenye nyumba atoke.

"Ninampa nani?" aliuliza mwishowe.

Swali hilo liliwachukua saa nzima. Afisa wa Operesheni alihesabu nyumba kuanzia barabarani, na kwa hesabu yake nyumba ya Bhoke ilikuwa ya kumi kwa Robi. Mwaka uliofuata katibu wa kijiji alihesabu upya kuanzia shuleni, na kwa hesabu hiyo nyumba ile ile ikawa ya kwanza kwa Nikodemo, balozi wa kundi la pili. Vitenge vya duka la ushirika vilipokuja, mabalozi wote wawili walimwandika Bhoke, na Bhoke akapata viwili. Leo Nikodemo alisema hakumbuki. Alisema yeye anaanzia kwa fundi cherehani, amekuwa akianzia kwa fundi cherehani siku zote, na muulizeni fundi cherehani.

Katibu, kijana wa Bukoba aitwaye Projestus, alifika na daftari lake na kusema Chama hakina kifungu cha nyayo. Kina kifungu cha wizi wa mifugo, ambao hupelekwa polisi Tarime. Mmoja wa wale tisa akamuuliza kwa upole kama polisi wa Tarime watalala hapa naye leo. Projestus akatazama mapanga, akafungua ukurasa mwingine, akasema labda kama desturi haipingani na siasa ya kijiji, basi balozi atumie busara. Balozi yupi, hakusema.

Na katikati ya vurugu hiyo Bhoke mwenyewe alitoka jikoni, akafuta mikono kwenye kitenge, akamwambia Robi, "Andika ni mimi."

"Nini ni wewe, mama?"

"Hao ng'ombe. Andika nimeiba mimi, watu waende zao."

Hakuna aliyecheka. Mama wa miaka sitini na kitu, magoti yakimlia kila akiinama, ameiba maksai wawili wa plau, amewaingiza nyuma ya jiko na kuwafutilia mbali? Robi alimwuliza amewaficha wapi. Bhoke akasema hilo hasemi. Akamwuliza ameiba kwa nini. Akasema kwa njaa. Kisha akarudi jikoni kugeuza ugali wake, na Waitara, aliyekuwa ameyasikia yote kwa mgongo, alikuna shingo na kusema huyu mkwe wake anaumwa.

Lakini vijana wake walikwisha simama. Mwizi amekiri, wanangoja nini? Robi aliona mmoja ameshauvuka ua kwa mguu mmoja, na kabla hajajua anafanya nini alinyoosha mkono na kulichukua tawi. Akalilaza juu ya unyayo wa mwisho. Hakuwahi kusikia mwanamke akipokea nyayo, na kwa nyuso zilizomzunguka alijua wenzake nao hawajasikia. Waitara alifikiri kidogo, akaketi chini. Nyayo zilikuwa zimepokelewa. Kesho jua likizama, alisema, ama nyayo zitokee mahali, ama ng'ombe kwa ng'ombe.

Jioni Joram hakula. Katika nyumba zote kumi za Robi, maksai waliofundishwa jembe walikuwa wawili tu, wa Joram, na ndio waliowalimia wote kumi kwa zamu. Alimwuliza mkewe kama amemaanisha wale. Robi akasema hakumaanisha wowote, alinyoosha mkono tu. Joram akasema msimu ujao basi watu watamwelewa vizuri, wakiwa wameshika majembe ya mkono.

Kilichomsumbua Robi zaidi ni kitu kingine. Alikuwa amerudia nyayo zile mara tatu, toka mtoni mpaka jikoni, na hakuona mguu wa mtu. Maksai wawili walitembea sambamba, hawakusimama kula, hawakuyumba, wala nyuma yao hakupita mtu. Aliuliza. Fundi cherehani alisema mwizi alivaa ngozi ya ng'ombe miguuni. Nikodemo alisema wezi wa siku hizi wana dawa, hawakanyagi. Projestus alisema huenda mwizi alitangulia mbele na nyayo zake zikakanyagwa, na wazo hilo lilionekana jema mpaka Robi alipokumbuka kwamba maksai wa plau hutembea wakiachana, na katikati yao palikuwa na nafasi tupu, safi, ya kupita mtu mzima, na hakupita.

Alilala akichanganya haya. Aliamka nayo. Na alfajiri, akifungua mlango achote maji, alimwona Bhoke akikatiza shamba la ujamaa na kikapu kichwani, anaelekea kilimani.

Ndipo alipokumbuka miguu yake. Kila siku ya palizi Bhoke hufika amechelewa, na kila siku miguu yake huwa na matope meusi. Kijiji kizima udongo wake ni mwekundu. Meusi yalikuwa ng'ambo ya kilima tu, bondeni, kwenye mahame, walikoondolewa wote mwaka ule malori yalipokuja. Kurudi kule kulikatazwa. Mwenye kukutwa akilima mahame hufyekewa mazao, na mabua huchomwa moto.

Robi aliweka ndoo chini akamfuata.

Bonde lilikuwa na ukungu. Alipita penye mji wa baba yake bila kuutambua, kisha akautambua kwa jiwe la kusagia lililovunjika, akaendelea. Mji wa Bhoke ulikuwa umebaki nguzo nne zilizoungua, lakini uzio wa minyaa wa zizi ulikuwa bado umesimama, umenenepa hata. Na ndani ya zizi, penye kivuli cha minyaa, maksai wawili wa Waitara walikuwa wamelala wakicheua.

Nje ya zizi palikuwa na ulezi. Si mwingi, kiasi cha kuzunguka kaburi la mume wa Bhoke hatua ishirini kila upande, umefika magotini, umepaliliwa usafi ambao shamba la ujamaa halijauona. Bhoke alikuwa ameinama ndani yake. Alipomwona Robi hakushtuka, alinyooka polepole tu, mkono kiunoni.

"Walizaliwa hapa," alisema, akiwaonyesha maksai kwa kidevu. "Tulipohamishwa walikuwa ndama wakubwa. Mwaka jana tukawatoa mahari. Kamba ya Waitara ikikatika, watakwenda wapi? Njia yao ndiyo hii, jiko langu mmelijenga juu yake. Hakuna aliyewasomea tangazo la Operesheni."

Robi alikaa kwenye jiwe. Usiku kucha alikuwa ametafuta mwizi, na sasa mwizi hayupo, alijiona kama mtu aliyepanda ngazi moja zaidi ya zilizopo.

"Kwa nini basi ulisema umeiba?"

"Ningesema wako hapa, wangekuja hapa. Na katibu angekuja nao." Bhoke aliutazama ulezi. "Kifungo ni miezi, mwanangu. Huu ukichomwa, yeye nitamwambia nini?"

Yeye ni yule wa kaburini. Robi alipiga hesabu ya kazi zake. Alikuwa balozi, na kazi ya balozi ilikuwa ni kuandika jina la Bhoke na kulipeleka kwa katibu. Alikuwa pia mpokeaji wa nyayo, na kazi yake ilikuwa kuwaleta wafuataji mpaka hapa, waone. Alijaribu kujua ni kazi ipi iliyo kubwa, akashindwa. Akaona kwanza awaamshe ng'ombe.

Waliwapitisha kwenye kijito, ndani ya maji, mpaka kinapokutana na barabara ya Kerende. Ilikuwa siku ya mnada, na mifugo ilikuwa imepita kwa makundi tangu kulipokucha, nyayo juu ya nyayo, mwenye macho yote asingeweza kutambua hata mmoja. Hapo Bhoke akageuka nyuma, na Robi akawaswaga peke yake mpaka kwa mzee Waitara. Jua lilikuwa halijafika hata utosini.

Alisema amewakuta wanazurura karibu na mnada. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika ubalozi na aliutamka haraka mno. Waitara aliwasogelea. Aliinua mguu wa maksai mmoja, akayatazama matope meusi yaliyobaki ndani ya kwato, akauweka chini. Akatoa jani la ulezi kwenye pembe ya mdomo wa yule wa pili. Mtu huyu, Robi alikumbuka akiwa amechelewa, alikwenda kule bondeni zamani, kabla ya malori, siku mahari ilipoanza kuzungumzwa. Aliketi kwenye kivuli cha minyaa ile ile.

"Mkwe wangu hajambo?" Waitara aliuliza.

"Hajambo, mzee."

"Mwambie ulezi ukiiva asimsahau Agustina."

Robi alirudi nyumbani akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Kama mzee alijua, alijua tangu lini? Na kama alijua tangu jana, wale tisa na mapanga walikuwa wa nini? Alilifikiria jambo hilo miaka mingi baadaye na hakupata mwisho wake.

Jioni rimu ya gari iliyoning'inizwa ofisini iligongwa, mkutano ukakaa. Projestus alieleza kwa furaha kwamba kwa umoja wa wananchi mwizi ametishika na kuiacha mali. Watu walipiga makofi, ingawa walio wengi hawakuwa wameelewa mwizi gani. Lakini usalama, Projestus aliendelea, hauwezi kutegemea bahati. Nyayo zilifutika shambani, maana yake mwizi alipenya upande wa kilima. Kwa hiyo panahitajika mlinzi penye njia ya kilimani, kila siku, kuanzia alfajiri mpaka kengele ya palizi, na mtu yeyote asipite bila mlinzi kumwona. Mikono iliinuka yote. Robi alimwona Bhoke, nyuma kabisa, akiinua wake pia, taratibu.

Hiyo ndiyo kazi ya uongo wake, basi. Aliufunga ule mlango aliotaka ubaki wazi.

Katibu aliita majina ya walinzi, kila balozi na watu wake. Nikodemo alimwondoa Bhoke mara moja. Alisema ni nyumba yake ya kwanza, kwa hesabu ya shuleni, na kwa kuwa mama huyu amezeeka hawezi kulinda, basi kundi lake lisamehewe mtu mmoja.

Robi alisimama. Hakuwa amepanga kusimama.

"Bhoke ni wangu," alisema. "Nyayo zake nilipokea mimi, jana mchana, mbele yenu. Wewe ulisema unaanzia kwa fundi cherehani." Watu waliguna wakicheka, na Nikodemo akamtazama fundi cherehani, ambaye alitazama pembeni. "Na alfajiri huwa hayuko usingizini. Anaamka mapema kuliko sisi sote. Zamu ya alfajiri njia ya kilimani mwandike yeye, Ndugu Katibu. Siku zote."

Projestus alimtazama Bhoke, akamtazama Robi, akatazama daftari kama kwamba jibu limeandikwa mle. Akauliza kama mama ataweza. Bhoke akasema atajaribu. Alipewa filimbi ya mgambo, akaivaa shingoni, akaigeuza geuza aone inapulizwa wapi.

"Mlinzi anaruhusiwa kubeba jembe?" aliuliza.

Katibu alifikiri. Alisema kanuni inataka silaha ya jadi, haitaji ipi. Akalamba ncha ya penseli, akaandika: *Bhoke, nyumba ya kumi, alfajiri. Silaha: jembe.*