Mninga wa Gari la Baba

Baba alianza na mlango wa kushoto wa gari. Aliuchomoa kwenye bawaba taratibu, kama anayemvua mgonjwa nguo, akaulaza juu ya gunia, akabandua bati. Chini yake mninga ulikuwa mwekundu, bado unanukia maranda. Kisha akashika nyundo.

Nilitoka jikoni nikasimama uani. Hakunitazama.

"Mwanvua," alisema, "nitafutie misumari iliyonyooka."

Gari lile lilikuwa MG la viti viwili, lisilo na paa, lililoachwa na bwana mmoja wa Kiingereza alipoondoka baada ya uhuru. Baba alilikuta Rusimbi, kuku wanataga ndani yake. Alikuwa fundi wa karakana ya reli, na alipostaafu akaligeuza kuwa starehe yake. Wenzake walikaa barazani wakicheza bao. Yeye alilala chini ya chuma akipiga mluzi. Mama aliliita mke mwenza. Watu wa Ujiji walicheka, wakiuliza gari lenye tumbo chini vile litapita barabara gani. Injini aliiwasha mwenyewe. Kilichomshinda ni bodi, maana magari yale ya zamani mifupa yake ni mbao, bati ni ngozi tu, na mifupa ilikuwa imeliwa na mchwa.

Ndipo vita vya Kongo vilipovuka ziwa. Mwaka ule wa tisini na sita, pale Kibirizi wanapoanika dagaa palijaa watu walioketi juu ya magodoro yaliyolowa. Heritier, seremala, alishuka botini na binti yake mdogo, Mariana, na mfuko wa randa na patasi. Mkewe, Angelina, alikuwa katika boti la nyuma. Boti la nyuma halikufika.

Baba aliziona patasi, akawaleta nyumbani. Sitasema ilikuwa huruma tupu, alihitaji seremala. Lakini nyumba iliwazoea. Heritier, mtu asiye na maneno, alichonga mifupa ya gari kama anayechonga madhabahu, kiungo kikizama ndani ya kiungo bila msumari hata mmoja. Mariana alikaa ndani ya gari lisilo na sakafu, nyayo zake zikigusa udongo, akiunguruma kwa mdomo. Ukimuuliza safari ya wapi, alijibu kwamba anakwenda Baraka, ng'ambo ya ziwa, kumchukua mama. Kila aliposema hivyo, randa ya baba yake ilisita.

Masika yalipoanza, malaria ilimpanda Mariana kichwani. Hospitali ilikuwa imejaa hadi kwenye veranda. Alikata roho asubuhi, kiganja chake ndani ya kiganja cha mama yangu.

Heritier alitaka jeneza. Kwao mtoto halazwi udongoni hivi hivi. Akauzunguka mji kutafuta mbao, lakini zilikuwa zimekwisha. Mwaka ule tulizika wengi. Alikuwa bado hajarudi baba alipouchomoa ule mlango.

Alirudi alasiri, mikono mitupu. Akalikuta jeneza dogo limewekwa kivulini. Alipitisha kidole gumba juu ya kiungo alichokichonga mwenyewe.

"Papa, hizi mbao ni za motokari."

"Ni za Mariana," baba alisema.

Heritier alipiga magoti, akachukua randa yake, akaanza kusawazisha kona moja ambayo baba hakuipatia.

Tulizika kabla ya magharibi. Baba, na kofia yake ya kiua kichwani, alibeba upande wa mbele, akanyamaza Wakristo walipoimba.

Kesho yake nilidhani Heritier hatatoka chumbani. Alitoka. Baba alimsihi apumzike, akajibu kwamba mikono ikikaa bure atamsikia mtoto. Mbao hazikuwapo tena. Akachukua kitambaa, akachutama mbele ya gurudumu, akaanza kusugua kutu kwenye spoki, moja baada ya nyingine. Baba alimtazama. Kisha akachukua kitambaa kingine, akazunguka, akaketi upande wa pili wa gurudumu lilelile.