Dume la Rangi Tatu

Penye wazee ndipo neno huharibika barabara, maana hakuna anayethubutu kulizuia. Neno hili liliharibika saa nne asubuhi, katika zahanati ya wanyama yenye vyumba viwili, mbele ya mzee mwenyewe, kisu kikiwa mkononi mwake.

Mzee huyo alikuwa Daktari. Msaidizi wake, msichana aliyemaliza stashahada ya afya ya wanyama mwaka uliotangulia, hakuwahi kuitwa jina lake humo ndani. Daktari alimwita Diploma, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa mdogo wa ngozi. Miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha siku hiyohiyo. Barua ya ajira ilishachapwa, imelala mezani chini ya chupa ya spiriti, ikingoja saini.

Fundi cherehani wa mtaa wa pili ndiye aliyewahi mlangoni, kikapu kifuani. Ndani alikuwamo paka wa miezi saba, manyoya marefu, mabaka meusi, ya chungwa na meupe, kama kiumbe kilichoshonwa kwa mabaki ya vitambaa.

"Mke mwenzangu huyu," alisema fundi. "Anakula kabla yangu, analala katikati ya kitanda. Mfungeni kizazi kabla hajaniletea wajukuu." Akamkabidhi, akakimbilia wateja wake.

Diploma alichukua kadi. Chuoni walimfundisha hivi: inua mkia kwanza, ndipo uandike. Akainua. Akapapasa katikati ya yale manyoya kwa vidole viwili, akapapasa tena. Kende zilikuwamo mbili, ndogo kama maharage. Akaandika: dume.

Daktari aliisoma kadi miwani ikiwa kwenye paji la uso. Yeye hakuwa mtu wa kuinua mikia. Paka wa rangi tatu akiletwa, kabla hata hajatolewa kikapuni, Daktari alishaandika jike, na kwa miaka thelathini hakuwahi kukosea. Akalikata neno la Diploma kwa kalamu nyekundu.

"Chuoni mlikuwa mnasoma au mnapigana picha?"

"Nimeshika kwa mkono wangu, Daktari."

"Umeshika uvimbe. Haya, nieleze. Weusi na uchungwa wa paka vinakaa wapi?"

"Kwenye kromosomu X."

"Dume anazo ngapi?"

"Moja. Kwa hiyo huwa mweusi au wa chungwa, hachanganyi. Jike anazo mbili, ndiyo maana anaweza kubeba rangi zote mbili. Weupe una mambo yake."

"Umejijibu mwenyewe."

"Lakini wapo madume wanaozaliwa na X mbili, na Y yao palepale. Mmoja katika maelfu."

"Mmoja katika maelfu!" Daktari alicheka mpaka miwani ikamshukia puani. "Na amezikataa meza zote duniani, kachagua yangu. Mnyoe ubavu, Diploma."

Ubavuni ndipo alipopasulia. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake: tundu lisilozidi upana wa kidole, kovu asilolijua hata mwenye paka. Mnyama alilazwa ubavu, akafunikwa kitambaa cha kijani chenye kidirisha kimoja, na chochote kilichokuwa chini ya mkia kikabaki gizani.

Nusu kaputi ilishamshika paka. "Daktari, nikifunue kitambaa kidogo tu utazame," alisema Diploma.

"Wewe hesabu pumzi. Lete kisu."

Akampa.

Daktari alikuwa akipiga mluzi. Aliingiza ndoano ya kuvutia kizazi, ikatoka na mafuta. Akaingiza tena, ukatoka utumbo, akaurudisha. Mara ya tatu mluzi ukakatika. Akalipanua tundu. Akalipanua tena. Jasho likamtiririka mpaka kwenye barakoa.

"Kizazi kiko wapi?" aliuliza, na hakumwuliza Diploma. Aliliuliza tundu.

Diploma akaacha kuhesabu. Bila kuomba ruhusa, akafunua kitambaa, akauinua mkia.

Daktari alitazama. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena, kana kwamba kosa lilikuwa la vioo. Diploma alijua tangu saa tatu, lakini kujua hakukumwandaa kuona tumbo la kiumbe mzima likiwa wazi, limechimbwa kutafutwa kitu ambacho hakikuwahi kuwamo. Na aliyempa Daktari kisu ni yeye.

Walishona. Nyuzi za mwisho alizifunga Diploma. Paka alikuwa akipumua vizuri; wakamrudisha kikapuni, wakamtoa chumba cha mapokezi.

Hapo, Daktari aliitoa barua chini ya chupa. "Tusikilizane, mwanangu. Kadi ilikosewa mapokezi. Utamwomba fundi radhi, nami nasaini hapahapa." Kofia ya kalamu alishaifungua. Ilikuwa ileile nyekundu.

Fundi akaingia, sindano zimechomekwa kwenye kola. "Mke mwenzangu keshaamka?"

"Si mke mwenzako, mama," alisema Diploma. "Ni dume. Tumempasua tumbo bure."

Fundi alikaa chini, pale ambapo hapakuwa na kiti. "Dume? Yaani miezi yote hii nalala na mwanamume ndani, na majirani nawaapia niko peke yangu?" Kisha akakivuta kikapu. Aliuona ule mshono mrefu. "Mmempasua... Hamkumtazama?"

Daktari alikohoa. Kalamu ilikuwa juu ya barua. "Diploma. Mwombe mama radhi."

Diploma akachukua kadi, akamwekea fundi mapajani, mstari mwekundu ukiwa juu.

"Pole nakupa, mama, kwa moyo wangu wote, na huyu paka nitamhudumia mpaka apone, niwe na kazi nisiwe nayo. Lakini mimi nilimtazama. Nikaandika, nikasema, nikarudia. Radhi siombi."