Mazoezi ya Kafuri

“Sogea kidogo tu,” alisema mama, na katikati ya kiganja chake kilichokonda palikuwa na kipande cha kafuri, cheupe, kidogo kuliko punje ya mahindi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika fremu kwa mikono miwili, moyo ukinienda mbio kama wa kuku aliyekamatwa. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na tatu.

Woga huo ulianza nikiwa na miaka sita, siku aliyofariki nyanya. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia katika chumba kimoja cha nyumba yetu ya mtaa wa Barani, na hakuna aliyejua kwamba nimo. Nilipoamka, harufu ya kafuri ilikuwa imejaa chumba na wanawake wameinama wakimwosha nyanya. Nikatoka nikiita mama. Mwoshaji mmoja aligeuka, akaniona, akapiga ukelele uliosikika hadi kwa majirani. Tangu siku hiyo nikinusa kafuri vidole hufa ganzi, pumzi hukatika, na miguu hunitoa nje kabla sijaiamuru.

Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Baba alisema ni jini, nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Mama mdogo Zuhra, dada yake mama, alisema ni kudeka tu. Yeye ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake mtaani kwetu, na kila nilipokosekana msibani alinitania: “Mwosha huoshwa, Sumeiya. Wewe usiyeosha, utaoshwa na nani?” Nilicheka pamoja na wenzangu. Nilizoea kutuma udhuru na sinia la pilau kwenye misiba ya watu, na pilau yangu ilisifiwa.

Halafu mama akapata saratani. Hospitali aliyotibiwa ilikuwa na mshauri nasaha aitwaye Jedida, mzaliwa wa Ganze, mwanamke asiyependa kuzungukazunguka. Mama alimweleza shida yangu, si yake.

“Hukuogopeshwa na maiti,” Jedida aliniambia baada ya kunisikiliza. “Uliogopeshwa na ule ukelele. Harufu ilikuwapo tu, mwili ukaviunganisha. Na kila ukikimbia unapata nafuu, na hiyo nafuu ndiyo inayokufundisha kukimbia tena. Hofu hupanda, kisha hushuka yenyewe. Wewe hujawahi kuingoja ishuke.”

Yalikuwa maelezo mazuri, na kwa siku ile hayakunisaidia kitu.

“Basi tutaingoja nyumbani,” alisema mama, aliyekaa kando yangu.

Jioni alimtuma Zuhra sokoni kununua kafuri. Tulianza na kafuri ndani ya chupa iliyofungwa, juu ya kabati. Kisha chupa ikiwa wazi. Kisha kiganjani mwake. Hakunihurumia. Nilipokimbilia uani aliningoja, na niliporudi aliuliza tu, “Tayari?” Kuna siku nilitapika. Kuna siku aliyetapika ni yeye, kwa sababu ya dawa zake, na mazoezi yakaahirishwa.

Mara moja nilimuuliza kwa nini siku yake ikifika asioshwe na Zuhra, aliyekwisha kuosha nusu ya mtaa.

“Zuhra ni dadangu, lakini mkono wake mzito,” alisema. “Wewe ndiye uliyeniuguza. Wewe unajua panaponiuma.”

“Siku hiyo hapatauma tena, mama.”

“Najua,” alisema. “Sogea.”

Alifariki Jumatano asubuhi. Zuhra alikuja na ndoo na majani ya mkunazi, akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Nilimimina maji aliponielekeza, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Mwili wa mama ulikuwa mwepesi kuugeuza, na hilo liliniliza kuliko kifo chenyewe. Kisha sanda ikatandikwa na kafuri iliyosagwa ikaletwa, ile ya kupaka kila mahali panapogusa chini mtu anaposujudu.

Hofu ilipanda kama kawaida yake. Vidole vilikufa ganzi. Nilimwogopa mama yangu, na nilimpenda, yote mawili kwa wakati mmoja, na sikuona aibu kwa lolote kati ya hayo. Nilimpaka kwenye paji la uso. Nikampaka puani, kisha viganjani.

Zuhra alinyoosha mkono kupokea kafuri.

“Lete, mwanangu. Umefanya ya kutosha.”

Mlango ulikuwa nyuma yangu, haukutiwa komeo.

“Bado magoti,” nilisema.

Magoti ya mama yalikuwa hayajagusa mkeka kwa muda mrefu; tangu ugonjwa ulipomzidi alikuwa akiswali kitini. Niliingiza mkono chini ya kitambaa cha stara, nikayapaka yote mawili, moyo ukidunda, kisha nikashuka miguuni.