Pazia la Bwana Kufuli

Fundi cherehani wa ghorofani ng'ambo ya barabara aliinua uso, akalitazama dirisha la mgeni, kisha akampungia mkono mlinzi aliyesimama getini. Mlinzi akaitikia kwa kichwa, akaketi, akaendelea na chai yake. Yote hayo yalitokea mara tu mgeni alipovuta pazia la sebuleni. Jana ilikuwa vivyo hivyo, na juzi pia. Mgeni akarudi nyuma hatua moja, akajisemea, "Haya sasa. Nimewanasa."

Majirani walimwita Bwana Kufuli. Mlango wake ulikuwa na makufuli matatu, na kila alipotoka kununua mkate aliyafunga yote, akashuka ngazi, akapanda tena kuyavuta kama yameshika. Jina hilo mwenyewe hakulijua, na angelijua lisingemuudhi. Huko kwao alikuwa afisa wa forodha wa uwanja wa ndege, akifungua masanduku ya watu hadi alipostaafu. Mizigo hakuitazama sana, alitazama shingo. Mwenye siri humeza mate. Sasa mtu wa namna hiyo umtoe kazini, umpe kiinua mgongo, umhamishie nchi ya watu, unadhani macho yake nayo yatastaafu? Thubutu!

Alikuja huku kwa ajili ya jua. Baridi ya kwao ilimkaa magotini tangu mkewe afariki, na pensheni iliyokuwa haitoshi kule, huku ilimpatia chumba, sebule na dirisha la mashariki. Binti yake wa pekee hakuupenda uamuzi huo hata kidogo. Alimpigia simu kila jioni, na kila jioni alikuwa na habari mpya ya mstaafu fulani aliyeibiwa ugenini.

"Baba, wageni wazee ndio wanaowindwa. Wanakuchunguza kwanza. Wanajua unaamka lini, unatoka lini. Wakiona hupo, wanaingia."

"Najilinda, mwanangu."

"Tulikubaliana lakini, eh? Likitokea jambo lolote, hata moja tu, unarudi nyumbani."

Ni kweli walikubaliana. Chumba cha nyuma kwa bintiye kilikuwa kimekwisha kupakwa rangi. Humo angenyweshwa chai isiyo na sukari, angeulizwa kama ameoga, na mkwewe angemsimulia habari za dunia kwa kupaza sauti, kana kwamba uzee ni ugonjwa wa masikio. Kwa ufupi, angekuwa mtoto wa mwanawe. Wezi aliwaogopa, hilo hakulikana. Lakini chumba kile alikiogopa zaidi.

Afisa wa forodha hamkamati mtu kwa hisia tu, humjaribu kwanza. Basi asubuhi moja akaamka, akaoga, akavaa, ila pazia hakulivuta. Alisimama pembeni akichungulia kwenye upenyo mwembamba. Fundi aliinamia kitambaa, akainua kichwa. Akainama, akainua tena. Mwishowe akasimama kabisa, mikono kiunoni. Chini, mlinzi aliweka kikombe juu ya ukuta akatazama juu. Wakaonyeshana ishara. Hapo mgeni akalivuta pazia kwa kishindo, na fundi akashika kifua kama mtu aliyemwagiwa maji.

Kashtuka, aliwaza mgeni. Mwizi akimkuta mwenye nyumba yupo, atakosaje kushtuka?

Akateremka hadi getini, mkono nyuma, kama enzi zake.

"Habari za kazi?"

"Njema tu, mzee wangu. Leo umechelewa kuamka."

"Umejuaje kwamba nimechelewa?"

Mlinzi alitazama kiatu chake. "Ah, naona tu, mzee." Akameza mate. Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza, "Na ule ufunguo wa akiba, mzee? Wenzako wote wa jengo hili wameniachia. Siku ya dharura..."

"Wenzangu wana yao, nami nina yangu," mgeni akajibu, akageuka.

Kumbe hata ufunguo waliutaka! Alipanda ngazi akihema, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alihisi furaha ya kazi. Angewategea. Angefunga pazia, azime taa, akae kimya wadhani amesafiri. Watakapovunja mlango, atawapiga picha kwa simu, awe na ushahidi. Bintiye angeiona picha hiyo na kukiri kwamba baba bado ni baba. Mambo ya chumba cha nyuma yangekwisha siku hiyohiyo.

Asubuhi ya mtego alikaa kwenye kiti nyuma ya mlango, simu mkono mmoja, mpini wa ufagio mkono wa pili. Jua lilipanda. Akasikia hodi, ya adabu mwanzoni, kisha ya kiganja kizima.

"Mzee! Mzee wangu!" Ilikuwa sauti ya mlinzi.

Mgeni akabana pumzi.

"Hajibu," mlinzi akasema.

"Pengine katoka." Hiyo ilikuwa sauti ya fundi.

"Atokee wapi, na mimi niko getini tangu alfajiri? Yumo humu ndani."

Wanajua yumo, na bado wanataka kuingia! Huo si wizi tena. Mtego wake ukamgeukia, maana kwenye nyumba ile hapakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Alitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Simu ikamponyoka, ikaanguka juu ya zulia.

"Vunja," fundi akasema, na sauti yake ilitetemeka. "Vunja, baba. Tusichelewe tena."

Tena! Kwa hiyo yeye si wa kwanza. Hilo ndilo lililomwinua kwenye kiti. Mbao zikalia. Makufuli yote matatu yalishika barabara, lakini fremu ilikuwa imeliwa na mchwa, ikaachia pamoja na makufuli yake. Mkono wa mlinzi ukatangulia ukiwa na mtaimbo, na mgeni akaushusha mpini wa ufagio kwa nguvu zake zote. Mtaimbo ukaanguka. Mlinzi akapiga yowe, akainama akiushika mkono wake.

Nyuma yake alisimama fundi, blanketi limekunjwa begani, chupa ya maji mkononi. Mgeni alimnyooshea mpini. Blanketi la kufungia vitu vyangu, alifikiri. Au la kunifungia mimi.

"Yu hai!" fundi akasema. Akaketi palepale sakafuni, akalia kwa kwikwi mbele ya watu bila kuona haya.

Mgeni hakujua la kufanya na mpini. Maisha yake yote alizoea kuona watu wakilia kwa sababu wamekamatwa. Kulia kwa namna hii hakukujua.

"Umenivunja mkono, mzee," mlinzi akalalamika.

"Ulikuwa unaingia kwangu na mtaimbo!"

"Sasa ningeingia na nini? Ufunguo umeninyima!"

Fundi akajifuta uso kwa ncha ya blanketi. "Humu ndani aliishi mwalimu mmoja," akasema. "Mama mtu mzima, mgeni kama wewe, mpole mno. Pazia lake likakaa limefungwa. Mimi nikasema kasafiri, kaenda kwa wanawe. Nikaendelea kushona, na yeye yumo humu, kaanguka, anaita. Daktari alisema tungewahi, angepona. Tangu hapo siwezi kushika kazi asubuhi mpaka nilione pazia la nyumba hii limevutwa."

"Kwa hiyo kila siku mnaangalia kama nimekufa?"

"Ndiyo," fundi akajibu bila kupindisha maneno.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ningekwambiaje, mzee?" mlinzi akadakia, akiuma meno kwa maumivu. "Nije getini, 'Shikamoo, nilikuwa nakuangalia kama bado unapumua'? Ungeongeza kufuli la nne."

Mgeni alitaka kukasirika. Nani aliwapa ruhusa ya kumhesabu miongoni mwa wanaokaribia kufa? Lakini hasira ilikataa kupanda. Kilichopanda ni aibu, na chini yake kitu kingine kilichomfanya ageukie ukutani. Alileta maji baridi na kitambaa, akamfunga mlinzi mkono kwa utaratibu, akimwomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mlinzi alikunja na kukunjua vidole, akasema haujavunjika, umeumia tu, ila mzee ana mkono mzito kwa umri wake. Akashuka kurudi getini.

Fundi alikuwa anakunja blanketi lake.

"Na wewe unaishi na nani?" mgeni akamuuliza.

"Na cherehani."

"Wewe nani anakuangalia?"

Fundi akacheka kidogo, macho bado mekundu. "Mimi nina kelele, mzee wangu. Cherehani yangu ni ya zamani, mtaa mzima unaisikia. Ikinyamaza watajua."

"Mimi sijawahi kuisikia."

"Utaisikiaje, na dirisha hufungui?" Akavuta pumzi, akashika nguzo ya ngazi. "Ngoja niende. Kuna sare za shule wanazifuata leo leo. Nikifika tu naanza."

Mgeni alimtazama akishuka polepole. Kisha akaliendea dirisha. Komeo lilikuwa limeshika kutu, akalipiga kwa kiganja mpaka likakubali, na mtaa ukaingia ndani wote kwa pamoja, honi, mtoto anayelia, mtu anayebishana na mwenzake kuhusu mpira. Akategea sikio. Cherehani haikusikika.

Simu ikalia juu ya zulia. Ilikuwa bintiye, na haikuwa saa yake ya kupiga.

"Baba, mbona asubuhi hukujibu ujumbe? Kuna nini?"

Angeweza kudanganya. Sauti yake ilikuwa tayari kwa hilo. "Mlango umevunjwa," akasema.

"Nilijua! Nilisema mimi! Nani kavunja?"

"Majirani."

"Mungu wangu. Baba, nakata tiketi sasa hivi. Tulikubaliana. Unanisikia?"

"Ngoja kidogo."

"Nini cha kungoja?"

Ng'ambo ya barabara kitambaa cha buluu kilikuwa bado chini ya sindano, kama kilivyoachwa. Kiti kilikuwa kitupu. Kuvuka barabara ile na kupanda ghorofa moja hakuhitaji muda wote huu, hata kwa mtu aliyechoka. Labda kakutana na mteja. Labda anakunywa maji. Alijipa labda nyingine, na kila moja aliiona inameza mate.

"Baba? Mbona unahema? Uko wapi?"

"Ngazini."

"Unakwenda wapi na mlango umevunjwa? Nyumba umemwachia nani?"

Alikuwa amekwisha kupita getini na ndala zake za ndani, akimwita mlinzi amfuate upesi, macho yakiwa juu kwenye kile kiti.