R za Bi Morag

Jerm. Thirst. Nars.

Sauti ya Muslimo ilipenya ukuta wa mikeka, R zikinguruma kama buni kinuni. Nje, kaka yake Dagane alisimama kusikiliza, redio ya dukani kwapani.

"Abaayo," akamwita dadake akiingia, "kesho unasailiwa na daktari Mwingereza. Huyo hatamki R hiyo. Hayo maneno ya Kiingereza, vijidudu, kiu, muuguzi, yote matatu anayatia vokali moja, kama mtu anayepiga miayo: jaam, thaast, naas. Wewe unatia mara e, mara i, mara a. Atasema hujui."

"Ndivyo alivyonifundisha Bi Morag."

Bi Morag, muuguzi Mskoti, alifariki kwa malaria mvua zilizopita, vita vikiwa vimefunga barabara na dawa hazifiki Garissa. Muslimo ndiye aliyemshika mkono hadi mwisho. Sasa nafasi ya kusomea uuguzi Nairobi ilikuwa moja tu.

"Jaribu kama redio," Dagane akamsihi.

Akajaribu. Sauti ikatoka nyembamba, kama ya mtu anayeomba radhi. Machozi yakamlengalenga.

"Abowe," akamwuliza kakake, "ukighani beti za babu Ogle, huanza na nini?"

"Na jina lake. Nisipomtaja nitakuwa mwizi."

"Na huzigeuza ziwapendeze wageni?"

Dagane, ambaye aliwahi kumkunja mtu shati sokoni kwa kuharibu ubeti wa babu yake, akazima redio.

Asubuhi alimvusha dadake kwenye kizuizi cha askari, kisha akajibanza chini ya dirisha la hospitali. Akamsikia akisema kwa Kiingereza, "Matamshi haya ni ya Bi Morag." Halafu jerm, thirst, nars.

Daktari akamwomba arudie, taratibu.

"Nilifanya naye kazi," daktari akasema baadaye. "Sikutarajia kumsikia tena."

Muslimo alitoka akitabasamu na kulia. Nafasi ni yake. Ataondoka na msafara wa wanajeshi.

"Abowe, nikizipoteza huko Nairobi, hizi R?"

"Huko watakufundisha kupiga miayo, najua." Kisha Dagane akayatamka maneno yote matatu, e, i, a, bila kukosea hata moja. Akamshika bega.

"Nitakutunzia," akasema. "Na kila nitakapoyatamka nitaanza na jina lake, halafu lako."